Kwa Nini Naikumbuka Ile Asubuhi

Kazi iliingia saa nane usiku. Kurasa tano, dola 4 kila ukurasa, iwe tayari kabla ya saa nne asubuhi. Wanaofanya hizi kazi za mtandaoni wanajua venye inakuwa. Kuna mwanafunzi Marekani au Uingereza ana shughuli zake, na wewe uko Githurai umejifunika blanketi, laptopu inachemka mapajani, unamwandikia kazi yake ya darasa. Sijivunii. Ila landilodi haulizi kodi umeitoa wapi.

Swali lenyewe lilikuwa fupi: eleza jinsi kuamshwa kwa vipokezi kunavyowasha jeni ndani ya seli za ubongo. Nililisoma mara mbili, nikafunga laptopu, nikatoka nje nikasimama tu kwenye veranda ya ploti.

Lile swali tulikuwa tunajuana. Miaka minne iliyopita, nikiwa mwaka wa pili katika chuo ambacho sitakitaja, nilikesha nikilisoma kwa sababu asubuhi yake tulikuwa na mtihani wa baiokemia. Sikuufanya. Mlangoni palikuwa na meza, na mama mmoja aliyevaa sweta ya kijani alikuwa ameshika orodha ya waliomaliza karo. Jina langu halikuwemo. Hakunitukana. Alisema tu, "Pole, simama kando wenzako wapite." Nikasimama kando. Wenzangu wakapita. Mkopo wa chama ambao Mama alikuwa ameuomba kule Voi ulitoka Alhamisi. Mtihani ulikuwa Jumanne.

Naikumbuka ile asubuhi yote. Ile sweta, na kifungo chake kimoja kilichokuwa cha rangi tofauti. Harufu ya rangi mbichi ukutani. Jamaa mmoja wa darasa letu aliyekuja na malapa ya bafuni. Kalamu yangu iliyokosa kifuniko. Lakini yale niliyosoma usiku mzima juu ya vipokezi na jeni? Sikumbuki hata mstari. Ilibidi nisome upya, usiku huo, ili nimwandikie mtu mwingine.

Nilimaliza zile kurasa tano. Lakini sikuweza kuacha hapo, kwa sababu kumbe swali la yule mwanafunzi ndilo swali langu. Jambo linatokea nje, mlangoni, linachukua sekunde kumi. Linaingiaje ndani ya seli mpaka likae miaka? Na nilipofuatilia walioanza kulijibu, nikakuta kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenitajia: wengi wao walikuwa watu waliosimamishwa kando.

*

Hadithi inaanzia kwenye tumbaku. Mwaka 1905, John Newport Langley wa Cambridge, Uingereza, alikuwa anachezea misuli ya kuku. Akiiwekea nikotini, inajikaza. Akiiwekea kurare, ile sumu ya mishale kutoka Amerika Kusini, nikotini inakosa nguvu. Wengi waliamini kwamba dawa hizo zinafanya kazi kwenye ncha ya neva. Langley akakata neva, akasubiri mpaka ikaoza kabisa, halafu akajaribu tena. Msuli bado ulijikaza. Kwa hiyo ile nikotini ilikuwa inashika kitu kilichomo kwenye msuli wenyewe. Hakukiona, hakuna darubini ya wakati huo ambayo ingekionyesha, lakini alisema lazima kiwepo kitu fulani cha kupokea. Leo tunakiita kipokezi.

Ukitaka picha ya kipokezi, fikiria geti la ploti. Mgeni akija hafiki chumbani kwako. Anagonga geti, na keateka aliye ndani ndiye anayesogea. Mgeni anabaki nje, na hata akienda zake, ndani tayari kuna mtu anatembea kupeleka habari. Kipokezi ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli, sehemu yake iko nje na sehemu yake iko ndani. Kemikali ikikigusa kwa nje, umbo lake linabadilika, na ule upande wa ndani unajua.

Lakini je, neva zenyewe huongea kwa kemikali, au kwa umeme pekee? Jibu lilimjia mtu usingizini. Otto Loewi alikuwa profesa mjini Graz, Austria. Usiku mmoja karibu na Pasaka aliota jaribio, akaamka, akaliandika kwenye karatasi, akarudi kulala. Asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakubahatisha: akainuka saa tisa usiku akaenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote bado inadunda. Akachokoza neva inayopunguza mwendo wa moyo wa kwanza, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akayamwagia ule wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, bila neva yake kuguswa. Kulikuwa na kitu ndani ya maji. Alichapisha mwaka 1921, na baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho ni asetilikolini. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakapewa Nobel.

Miaka miwili baadaye, Machi 1938, Wanazi waliingia Austria. Loewi alikuwa Myahudi. Walimkamata, wakamweka ndani, na hawakumruhusu kuondoka nchini mpaka alipokubali kuhamisha pesa zake za Nobel, zilizokuwa benki Uswidi, hadi kwenye benki waliyoidhibiti wao. Akatoka mikono mitupu. Mwishowe alifika New York, akafundisha kwenye kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha New York. Kishike kichwani hicho chuo. Tutakirudia.

*

Mwaka huohuo wa 1938, Italia nayo ilipitisha sheria za kuwaondoa Wayahudi vyuoni. Rita Levi-Montalcini alikuwa daktari kijana mjini Turin, anayependa utafiti wa neva. Akafungiwa mlango. Wacha niseme wazi hapa: kukosa karo na kuwindwa na dola inayotaka kuwaua watu wa kabila lako si kitu kimoja, na mimi sijifananishi. Nasema tu kwamba nilipofika sehemu hii nilikaa wima kitandani.

Kwa sababu yeye alienda nyumbani akafungua maabara chumbani kwake. Ni chumba cha kulala kabisa. Alinoa sindano za kushonea zikawa visu vya kupasulia viinitete vya kuku. Mwalimu wake wa zamani, Giuseppe Levi, ambaye pia alikuwa amefukuzwa, akaja kumsaidia. Mabomu yalipozidi mjini, familia ilihamia mashambani, na yeye akawa anapita kwa wakulima akiomba mayai. Akishatoa kiinitete alichokihitaji, lile yai lililobaki linaliwa.

Alichokuwa akitafuta ni hiki: kwa nini neva nyingine hukua na nyingine hufa? Baada ya vita alialikwa St. Louis, Marekani, na huko, akiwa na mkemia Stanley Cohen, wakapata jibu katika miaka ya 1950. Kuna protini inayoziambia neva zikue. Waliipata kwa wingi mahali pa ajabu, kwanza kwenye sumu ya nyoka, halafu kwenye tezi za mate za panya dume. Walipewa Nobel mwaka 1986. Rita aliishi mpaka 2012, akafariki akiwa na miaka 103.

Protini hiyo ilileta chombo ambacho bila hicho hadithi yetu isingeendelea. Mwaka 1976, Lloyd Greene na Arthur Tischler walichukua seli kutoka uvimbe wa saratani kwenye tezi ya panya, wakazikuza kwenye sahani. Seli hizo zinaitwa PC12. Ukizipa protini ya Levi-Montalcini, zinaacha kugawanyika, zinatoa mikono mirefu na kuanza kufanana na seli za neva. Ghafla unaweza kuwa na maelfu ya seli karibu sawa na za neva, zote zimetulia kwenye sahani moja, ukizisubiri zikujibu.

*

Sasa, tatizo la kudumu. Protini za mwili hazikai. Nyingi huvunjwa na kutengenezwa upya baada ya saa au siku. Mwaka 1984 Francis Crick, yuleyule wa DNA, aliandika kuuliza swali la kuudhi: kama vitu vinavyounda ubongo hubadilishwa kila mara, kumbukumbu ya miaka hamsini inakaa wapi?

Dalili za jibu zilikuwa zimeanza kuonekana mapema. Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walionyesha kwamba jeni za bakteria huwashwa na kuzimwa kulingana na kinachotokea nje. Bakteria akikutana na sukari ya maziwa, anafungua jeni za kuimeng'enya. Isipokuwepo, zinafungwa. Kwa hiyo jeni si kama jina la ukoo ulilopewa ukazaliwa nalo basi. Ni kitu kinachotumika, kila siku, kulingana na siku ilivyo.

Kisha mwaka 1963 Louis Flexner na wenzake Pennsylvania waliwadunga panya dawa inayozuia seli kutengeneza protini, na panya wakasahau walichojifunza. Bernard Agranoff kule Michigan akafanya hivyo kwa samaki wa dhahabu, na matokeo yake ndiyo yalinikamata zaidi. Samaki waliodungwa mara tu baada ya somo walikuwa wamejifunza vizuri tu, lakini siku chache baadaye hakuna kitu. Waliodungwa baada ya saa moja hivi walikumbuka kama kawaida. Yaani kuna dirisha. Kujifunza ni jambo moja na kuhifadhi ni jambo lingine, na lile la pili linahitaji seli itengeneze protini mpya ndani ya muda mfupi. Ukilizuia hapo, somo linapita kama gari la maji.

Na protini mpya zinatengenezwa kwa maagizo ya jeni. Kwa hiyo lazima kuna njia ya kutoka getini mpaka kwenye jeni. Hakuna aliyekuwa ameiona.

*

Aliyeiona kwanza hakuwa anatafuta kumbukumbu. Michael Greenberg alikuwa mtafiti kijana katika maabara ya Edward Ziff, Chuo Kikuu cha New York. Walikuwa wanashughulika na saratani. Kuna virusi vya panya vinavyosababisha saratani ya mifupa, na ndani yake kuna jeni iliyoitwa fos. Iligunduliwa kwamba virusi viliiba jeni hiyo kwa panya wenyewe, na kwamba sisi wanyama wote wa aina hiyo tunayo. Nakala yetu ya kawaida inaitwa c-fos. Inafanya nini? Mwaka 1984 Greenberg na Ziff walichukua seli zilizolala, wakazipa kichocheo cha kukua, na c-fos ikawaka ndani ya dakika chache, kisha ikazimika. Haikungoja protini yoyote mpya itengenezwe. Ni kama mtu aliyelala na viatu.

Lloyd Greene, mwenye zile seli za PC12, alikuwa chuo hichohicho. Wakaungana. Na mwaka 1986, kwenye jarida la Science, wakatoa jaribio ambalo kama ningeruhusiwa kuingia ule mtihani ningelieleza kwa aya mbili. Walichukua seli za PC12 zinazofanana na neva. Wakachokoza vipokezi vyake vya asetilikolini, aina ileile inayoitikia nikotini. Ndani ya dakika chache c-fos ikawaka.

Angalia jinsi mambo yalivyojipanga. Kipokezi ni kile cha Langley. Kemikali ni ile ya Loewi, na jaribio limefanyika kwenye chuo kilichompokea alipofukuzwa. Seli zimefanywa neva kwa protini ya mwanamke aliyeanzia chumbani kwake, mwaka uleule aliopewa Nobel. Sidhani kama aliyekuwa anashika zile sahani alikuwa anawaza haya. Alikuwa anawaza kalisiamu.

Kwa sababu kalisiamu ndiyo mpeleka habari. Kipokezi kikiguswa, mlango mdogo unafunguka na chembe zenye chaji zinaingia. Umeme wa utando unabadilika. Mabadiliko hayo yanafungua milango mingine, ya kalisiamu, ambayo kwa kawaida ni haba sana ndani ya seli na tele nje. Inamiminika ndani. Greenberg na wenzake walipoiondoa kalisiamu nje ya seli, c-fos haikuwaka.

Hatua ya mwisho ilikamilishwa miaka michache baadaye. Marc Montminy alikuwa ameipata, mwaka 1987, protini inayoitwa CREB, inayokaa juu ya DNA kwenye sehemu yenye herufi nane maalumu. Imekaa tu, kama dereva kwenye mat inayosubiri kujaa. Mwaka 1990 na 1991, maabara ya Greenberg, iliyokuwa imehamia Harvard, ilionyesha kwamba kalisiamu ikiingia, vimeng'enya vinaibandika CREB fosfeti moja, na hapo ndo safari inaanza. Mtafiti aliyeongoza kazi hiyo anaitwa Morgan Sheng. Ndiyo, Sheng. Hana uhusiano na ile yetu.

Kinachofuata ni kama vitabu vya rizavu maktabani, vile ambavyo hauruhusiwi kutoka navyo. DNA haitoki kwenye kiini cha seli. Inatolewa fotokopi ya ukurasa mmoja, fotokopi ndiyo inatoka, na huko nje protini inatengenezwa kwa kuifuata. Protini ya Fos ikishatengenezwa inarudi ndani ya kiini, inashikana na mwenzake aitwaye Jun, na pamoja wanafungua jeni nyingine. Hizo ndizo zinazofanya kazi ya kukaa, kama vile kuimarisha maungio kati ya seli na seli. Kwa hiyo c-fos haina kumbukumbu ndani yake. Ni mtu wa kwanza kuamka, anayepita akigonga milango ya wengine.

Kwenye sahani ni sawa, lakini je, kwenye ubongo ulio hai? Mwaka 1987, James Morgan, Tom Curran na wenzao huko New Jersey waliwapa panya dawa inayoleta degedege, wakakuta Fos imejaa kwenye ubongo. Mwaka huohuo watafiti wa Cambridge wakaonyesha kwamba hata kuchokoza ngozi ya panya kunaiwasha kwenye uti wa mgongo. Tangu hapo ukitaka kujua ni seli zipi zilishtuka saa moja iliyopita, unatafuta Fos. Ni kama kupita mtaani alfajiri uone nyumba zipi zimewasha taa.

*

Kuna mtoto mmoja Vienna ambaye siku ya kutimiza miaka tisa, Novemba 7, 1938, alipewa gari la kuchezea la rangi ya bluu, linaloendeshwa kwa rimoti. Siku mbili baadaye ulikuwa ule usiku ambao Wanazi walivunja maduka na masinagogi. Askari wakagonga mlango wa familia yake wakaamuru watoke. Waliporudi baada ya siku kadhaa, vitu vya thamani vilikuwa vimechukuliwa, pamoja na lile gari. Mwaka uliofuata yeye na kaka yake walipanda meli kwenda Marekani, na wazazi wakafuata.

Mtoto huyo ni Eric Kandel, na aliandika mwenyewe kwamba mwaka wa mwisho wa Vienna ndio uliomfanya atake kujua jinsi jambo linavyochomwa kichwani lisitoke. Alichagua mnyama ambaye wenzake walimcheka kwa ajili yake: Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva kama 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Ukimshtua mkia mara moja, anakuwa mwoga kwa dakika chache. Ukimshtua mara tano, kwa kupumzisha katikati, anakuwa mwoga kwa siku nzima na zaidi.

Kandel na wenzake waliifuata tofauti hiyo mpaka ndani. Mshtuko unaleta serotonini. Serotonini inagusa kipokezi, na ndani ya seli inapanda kemikali iitwayo cAMP. Ikiwa ni mara moja, kazi inaishia pale kwenye ungio, inaimarika kidogo kisha inarudi. Ikirudiwa, kimeng'enya kinasafiri mpaka kwenye kiini na kuishika CREB. Mwaka 1990 Pramod Dash, Binyamin Hochner na Kandel waliingiza kwenye kiini vipande vya DNA vyenye zile herufi nane, ili CREB iende kushika hivyo badala ya jeni. Uimarishaji wa muda mfupi ulibaki sawa. Wa muda mrefu ukapotea. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mstari kati ya kitu kinachopita na kitu kinachokaa unapita kwenye jeni. Alipata Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1994 panya waliopunguziwa CREB walionyesha hivyohivyo: wanajifunza, wanakumbuka nusu saa, kesho hawajui kitu. Na baadaye ikaonekana kwamba hata panya hao hukumbuka vizuri zaidi wakifundishwa kwa awamu zenye mapumziko marefu. Kwa hiyo wewe unayekariri usiku kucha kabla ya pepa, bila kulala, sikuhukumu, nilikuwa huko. Ila hiyo ni mara moja, na konokono anakuambia mara moja haifiki kwenye kiini.

Isipokuwa uwe umeshtuka. Ukishtuka, mwili unamwaga noradrenalini, nayo ina vipokezi vyake vinavyopandisha ileile cAMP. Kwa hiyo ndani ya masaa machache ya ile Jumanne mambo mawili yalikuwa yanagombania seli zangu: kurasa za baiokemia nilizopitia mara moja nikisinzia, na sweta ya kijani. Sweta ilishinda.

*

Siku hizi kwenye TikTok kila mtu ana maumivu ya mababu yaliyoandikwa kwenye DNA yake. Naelewa kwa nini tunapenda kusema hivyo. Lakini haya niliyoeleza hayabadilishi hata herufi moja ya DNA. Seli yangu ya ubongo na seli ya kidole changu cha mguu zina kitabu kimoja. Ile asubuhi haikuandika chochote kwenye kitabu. Ilifungua kurasa fulani, zikatolewa fotokopi, na kilichojengwa kwa hizo fotokopi ndicho kilichobaki. Habari za alama za kemikali zinazowekwa juu ya DNA zipo, na bado zinabishaniwa, lakini hilo ni somo lingine na halikupi ruhusa ya kumsingizia babu.

Tofauti hii si ya kupendeza wataalamu tu. Mwaka 2000 (tena Chuo Kikuu cha New York, mimi sikupanga) Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walichukua panya waliokuwa tayari wamehifadhi hofu ya mlio fulani. Wakawakumbusha kwa kuwasikilizisha mlio, kisha papo hapo wakazuia utengenezaji wa protini katika sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu. Hofu ikapungua. Wale ambao hawakukumbushwa, dawa haikuwafanya kitu. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ikitolewa kabatini inalegea, na inabidi ihifadhiwe upya. Kila ukikumbuka, unahifadhi tena.

Hapa ndipo niliposimama kusoma kwa siku kadhaa. Kwa sababu kuna jambo sijalisema. Pesa za chama zilitoka Alhamisi, nilikuambia. Ningelipa karo, nikafanya ule mtihani muhula uliofuata. Watu wengi hufanya hivyo. Mama alituma pesa yote, akanipigia akasema, "Sasa nenda shule, mwanangu." Nikaenda mpaka getini, tumbo likanikatika, nikarudi. Nikaenda tena wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Pesa ikaliwa na kodi na chakula. Nimewaambia watu miaka minne kwamba niliacha chuo kwa sababu ya karo, na ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kila nikikaribia lile geti, mwili wangu ulisimama kando wenyewe, na kila mara nilipogeuka nikarudi, naona sasa, nilikuwa naihifadhi upya vilevile ilivyokuwa.

Kandel alipopata Nobel, Waaustria walifurahi wakamwita wao. Akawajibu kwamba tuzo hiyo ni ya Myahudi wa Marekani. Rais wa Austria akampigia simu kuuliza wanaweza kurekebisha vipi. Kandel hakuomba pesa. Aliomba, pamoja na mengine, barabara ambayo Chuo Kikuu cha Vienna kiko kando yake ibadilishwe jina, kwa sababu ilikuwa na jina la meya wa zamani aliyejulikana kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2012 ikabadilishwa, ikaitwa kwa jina la chuo chenyewe. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuthibitisha kwamba kumbukumbu ni kitu cha mwili, chenye protini na jeni, alirudi mlangoni alikofukuzwa na kudai kibao kibadilishwe. Hakusema yaliyopita yamepita. Alijua hayapiti hivyo.

Ile kazi ya kurasa tano niliituma saa tatu na dakika arobaini. Nililipwa. Sijui yule mwanafunzi alipata alama gani.

Wiki iliyopita nilipanda mat nikashuka kituo cha chuo. Sikuwa na barua wala karo, sikuwa na mpango wowote. Ng'ambo ya geti kuna kijana anauza mayai ya kuchemsha, anayapasua katikati anajaza kachumbari na pilipili. Nikanunua moja, nikasimama hapo nikila, nikamwaza Rita na mayai yake. Mlangoni wanafunzi walikuwa wanaingia, mmoja wao na malapa. Tumbo lilianza, halafu likatulia kidogo. Nikanunua la pili.

Soja wa getini aliniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Unaingia ama?"

Nikamwambia ngoja kwanza, namalizia yai.